Taa Haifi, Hufa Betri

Wahenga hawakukosea waliponena, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, na nadhani wengi wetu tumeiandika katika insha mara nyingi kuliko tulivyoitenda. Katika makala haya nataka kuieleza kwa kutumia kitu kidogo kinachopatikana katika nyumba nyingi huku kwetu Eastlands, yaani taa ya kuchaji. Nitaeleza kwa nini taa hii huacha kuwaka, namna ya kuondoa betri iliyochoka na kutia nyingine, na mwishowe jambo ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa: ile betri kuukuu iende wapi?

UMUHIMU WA TAA HII

Mimi ninaishi Umoja Innercore. Anayepajua anaelewa jinsi majumba yalivyobanana, ghorofa kwa ghorofa, dirisha likitazamana na dirisha la jirani. Anayepanga chumba cha chini huwasha taa hata saa sita mchana. Stima ikipotea, au tokeni zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, giza huingia papo hapo bila kubisha hodi. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakumbwa na giza. Wenzetu wa shule za bweni mara nyingi wana jenereta. Sisi wa kutwa masomo yetu ya jioni tunayafanyia nyumbani, na jenereta yetu ni hiyo taa.

Kwetu taa hiyo ina kazi mbili. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku mama huitumia kando ya barabara anakouza samaki wa kukaanga. Akirudi, taa huja mezani, nasi tunafungua vitabu, mimi na ndugu yangu mdogo. Mwaka jana taa hiyo ilianza kuzimika baada ya dakika kumi tu, hata ikiwa imechajiwa usiku kucha. Mama akawa anafunga biashara mapema, na samaki wakabaki kwenye beseni. Si unajua samaki wa leo si wa kesho? Mshumaa nao hauwezi kushindana na upepo wa barabarani.

Jirani mmoja alimwambia mama, "Hiyo tupa, mama, ununue ingine." Dukani taa mpya ya aina ile ilikuwa shilingi 1,300. Betri peke yake niliipata kwa shilingi 300. Shilingi 1,000 iliyobaki si kitu kidogo kwa mtu anayehesabu unga, mafuta na kodi ya nyumba. Vijitaa vyenyewe vya LED havikuwa na kasoro yoyote. Swichi ilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni betri tu.

AINA ZA BETRI ZA KUCHAJI

Katika Kidato cha Kwanza tulisoma somo la seli na saketi. Tuliambiwa kuwa kuna seli za kutumia mara moja na za kutumia tena na tena. Zile tuziitazo "mawe ya redio" ni za kutumia mara moja. Zikiisha zimekwisha, wala kuzianika juani hakuzirudishii ujana. Za kuchaji ni za aina tatu hivi ambazo utakutana nazo mtaani.

Aina ya kwanza ni ya risasi na asidi. Iligunduliwa na Mfaransa aitwaye Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo inayowasha injini za magari mengi. Ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozungukwa na asidi. Kila chumba cha betri hiyo hutoa takriban volti 2. Betri ya gari dogo ina vyumba sita, ndiyo maana ni ya volti 12. Taa nyingi za kuchaji za bei nafuu zina betri ndogo ya aina hii yenye vyumba viwili, kwa hivyo ni volti 4.

Aina ya pili ni ya nikeli. Kila seli yake ina volti 1.2. Hii hupatikana katika baadhi ya mashine za vinyozi na simu za mezani zisizo na waya.

Aina ya tatu ni ya lithiamu, ambayo kwa kawaida huandikwa volti 3.7. Hiyo ndiyo iliyo katika simu, laptopu na spika ndogo za kubeba. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili ya kazi yao juu ya betri hiyo.

Usidhani ugonjwa huu ni wa taa za maskini pekee. Shangazi yangu hufanya kazi ya nyumbani upande wa Lavington. Alitusimulia juu ya mashine ya kufagia ambayo ni roboti. Hujiendesha yenyewe mpaka chini ya viti, ikimaliza inarudi mahali pake kujichaji. Ya mahali anapofanya kazi ilikuwa imefika hali ya kufagia chumba kimoja na kuzimika katikati ya sakafu, na wenyewe walikuwa karibu kuitupa. Fundi alipoitwa, alibadilisha betri tu, na roboti ikarudi kazini. Roomba, ambayo ni moja ya roboti hizo zinazojulikana sana, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2002, na nyingi za miaka ya mwanzo zilitumia seli 12 za nikeli. Zidisha 12 kwa 1.2, utapata volti 14.4. Tazama basi, msomaji: roboti ya maelfu ya shilingi na taa ya mama muuza samaki zinaugua ugonjwa mmoja, na dawa yake ni moja.

KWA NINI BETRI HUCHOKA

Betri ya risasi hufa kwa njaa na pia hufa kwa shibe.

Kwanza, njaa. Betri inapotoa umeme, asidi hushikana na risasi na kufanya utando mweupe juu ya mabamba. Ukiichaji mapema, utando ule huyeyuka na kurudi ndani ya asidi. Lakini ukiiacha bila chaji kwa majuma mengi, utando unakomaa na kuwa chembe ngumu kama chumvi iliyokauka sufuriani. Hapo umeme hauwezi tena kuurudisha wote, na nafasi ya kuweka chaji inapungua. Ndiyo sababu taa iliyowekwa juu ya kabati tangu likizo ya Agosti, ikishushwa Desemba, haina nguvu.

Pili, shibe. Taa nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kukata chaji betri inapojaa. Ukiiacha kwenye soketi mchana na usiku, siku baada ya siku, maji yaliyo ndani ya asidi hugeuka kuwa gesi na kutoka kidogo kidogo. Betri inakauka, wakati mwingine inavimba tumbo. Joto nalo huongeza kasi ya uharibifu huo, kwa hivyo si vizuri kuichaji karibu na jiko.

JINSI YA KUJUA KUWA NI BETRI

Kabla ya kulaumu betri, hakikisha waya wa kuchajia haujakatika ndani na soketi ina stima. Kijitaa chekundu cha chaji kikiwaka, hiyo ni dalili njema.

Kisha tumia mita ya kupimia volti. Kama huna, fundi wa redio wa mtaani anaweza kukupimia. Baada ya kuchajiwa usiku kucha na kuchomolewa, betri ya taa yetu ilionyesha volti 4.1 ikiwa imezimwa. Mtu asiyejua angesema ni nzima. Lakini nilipobonyeza swichi taa iwake, mita ilishuka mara moja hadi 2.3. Betri nzima ya volti 4 ingeshuka kidogo tu na kubaki karibu na 4. Ni kama mgonjwa aliyelala kitandani. Ukimtazama waweza kusema amepona, lakini mpe gunia abebe ndipo utajua. Kwa hivyo betri ipimwe ikiwa kazini, isipimwe ikiwa imelala tu.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Hapa naomba msomaji asiruke hata mstari mmoja.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Katika chaja ya simu umeme huo hupunguzwa na kutenganishwa nawe ndani ya chaja yenyewe. Lakini taa nyingi za bei nafuu zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi hazina utengano huo. Hupunguza umeme kwa kutumia kapasita, kifaa kidogo chenye miguu miwili kinachofanana na peremende bapa. Maana yake ni kwamba taa ikiwa kwenye soketi, sehemu yoyote ya ndani, hata waya za betri, inaweza kukupiga shoti kama waya wa ukutani. Kwa hivyo:

Usifungue taa ikiwa kwenye soketi hata kwa dakika moja.

Usiichaji ikiwa wazi, eti uone kama betri mpya inaingiza chaji. Funga kwanza, kisha uchaji.

Ukiichomoa, ngoja angalau dakika kumi kabla ya kuifungua, na usiguse ile kapasita wala meno ya plagi, kwa maana kapasita inaweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Betri ikiwa imevimba au inavuja, usiishike kwa mkono mtupu. Asidi yake huchoma ngozi na macho. Ikikugusa, osha kwa maji mengi sana, na ikiingia machoni, ukishaosha nenda hospitali. Ikimwagika mezani, nyunyizia magadi yale ya kupikia maharagwe kisha ufute. Magadi ni besi, na darasani tunajua besi na asidi zikikutana hupunguzana makali.

Mwisho, kama wewe bado ni mdogo, fanya kazi hii ukiwa na mtu mzima au fundi karibu.

HATUA ZA KUBADILISHA

Vifaa ni bisibisi, rula, tepu nyeusi ya stima, karatasi na penseli, na chuma cha kulehemu, ambacho mafundi hukitumia kwa kazi wanayoiita kupiga solda. Kama hukijui, kazi ya solda mwachie fundi. Ni ya dakika mbili na haina gharama kubwa.

Hatua ya kwanza, tafuta misumari ya skrubu. Mara nyingine hujificha chini ya mipira ya miguu ya taa au nyuma ya kibandiko. Itie katika kifuniko cha chupa isije ikapotea.

Hatua ya pili, soma betri imeandikwa nini. Yetu iliandikwa 4V na 2Ah. Hiyo V ni volti, na volti ya betri mpya lazima iwe ile ile, isizidi wala isipungue. Ah ni ampea-saa, yaani ukubwa wa tumbo la betri. Hii inaweza kuzidi kidogo ikiwa betri inatoshea, lakini ikipungua taa itawaka muda mfupi. Pima pia urefu, upana na kimo kwa rula.

Hatua ya tatu, chora picha. Waya mwekundu unaingia upande gani? Mweusi upande gani? Kwa kawaida mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, lakini si kila kiwanda hufuata sheria, kwa hivyo amini alama za + na - zilizo juu ya betri kuliko rangi. Ukigeuza waya unaweza kuunguza vijitaa na saketi kwa mara moja.

Hatua ya nne, toa waya mmoja, uufunge tepu, ndipo utoe wa pili. Usitoe zote mbili pamoja wala usiache ncha zao zigusane. Betri ndogo hii, hata ikiwa imechoka, inaweza kutoa cheche ya kukushtua.

Hatua ya tano, nenda ukanunue, na uende na ile kuukuu mkononi. Mimi nilishuka mjini nikaenda Luthuli Avenue, ambako kuna maduka mengi ya vifaa vya stima. Mzee mmoja fundi aliitazama betri, akanitazama na mimi.

"Umetumwa na kaka yako?" akauliza.

"La, mzee. Ni mimi ninayeitengeneza."

Akacheka. "Haya, msichana wangu. Basi soma hapa uniambie ni volti ngapi na ampea ngapi."

Nikamsomea. Akatoa betri tatu za aina moja, akazipima zote mbele yangu. Mbili zilikuwa zaidi ya volti 4. Ya tatu ilikuwa 3.4, akairudisha chini ya meza. Alinieleza kuwa betri ya risasi huzeeka hata ikiwa dukani haijatumiwa, kwa sababu chaji hujipotezea yenyewe polepole, halafu ile njaa niliyoitaja inaanza. Kwa hivyo mnunuzi asione haya kusema, "Tafadhali nipimie." Betri mpya iliyo chini ya volti 4 usiikubali, hata ukipunguziwa bei.

Hatua ya sita, unganisha waya mmoja mmoja kwa kufuata mchoro wako, fungia tepu, na uwashe taa kwa swichi kabla ya kurudisha kifuniko. Ikiwaka, zima, hakikisha hakuna waya uliobanwa, kisha ufunge skrubu zote. Sasa ndipo uitie kwenye soketi kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi la taa. Yetu ilitaka saa 8 hadi 10.

HESABU KIDOGO

Wengi huuliza, taa itawaka saa ngapi? Gawanya ukubwa wa betri kwa ampea zinazoliwa na taa. Yetu hula ampea 0.4. Ukigawanya 2 kwa 0.4 unapata saa 5. Hiyo ni hesabu ya daftarini. Kwa kweli ni kama saa 4, kwa maana si vizuri kuikamua betri mpaka tone la mwisho.

Hesabu hii ilitusaidia nyumbani kupanga matumizi. Mama anahitaji saa tatu barabarani na mwanga mkali. Inabaki saa moja. Lakini swichi ya taa yetu ina hatua mbili, na ile ya chini hula nusu ya umeme. Basi sisi mezani tunatumia hatua ya chini na kupata saa mbili badala ya moja. Mwanga wake unatosha daftari mbili zikiwekwa karibu karibu. Ndugu yangu alinung'unika siku ya kwanza, siku ya pili akazoea.

USIBADILISHE AINA YA BETRI

Kuna fundi mwingine, si yule mzee, aliyetaka kunitilia seli ya lithiamu iliyotolewa katika betri kuukuu ya laptopu. Ni zile seli za mviringo ziitwazo 18650. Nambari hiyo inaeleza kipimo chake, upana milimita 18 na urefu milimita 65. Aliniambia ni rahisi na ina nguvu. Ni kweli ina nguvu. Lakini seli moja ya lithiamu ya kawaida haitakiwi kuchajiwa kupita volti 4.2, na chaja ya taa ya betri ya risasi haijui kusimama hapo. Itaendelea kusukuma. Seli ya lithiamu ikishibishwa kupita kiasi hupata joto, huvimba, na inaweza kulipuka moto ambao ni vigumu kuuzima. Hebu fikiria moto huo katika chumba kimoja chenye kitanda, pazia na jiko, saa nane za usiku watu wamelala, na mlango ni mmoja. Shilingi mia moja inayookolewa hapo haina maana. Taa ya risasi itiwe betri ya risasi, ya nikeli itiwe ya nikeli, na ya lithiamu itiwe ya lithiamu yenye kibao chake cha kuilinda.

BETRI KUUKUU IENDE WAPI?

Sasa nafika pale ambapo, kwa maoni yangu, kazi yote hii hupata heshima au hupata aibu. Ukishamaliza, unabaki na betri mbovu mkononi. Watu wengi huitupa katika karatasi la takataka pamoja na maganda ya viazi. Takataka za Nairobi huishia wapi? Sisi wa Eastlands hatuhitaji kuambiwa. Tunaona malori yakielekea Dandora.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilitoa ripoti juu ya jaa la Dandora. Watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo walikuwa wamepimwa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati huo. Sisemi risasi yote hiyo ilitoka katika betri za taa. Lakini ninasema kila betri tunayoitupa inaongeza. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Ikiingia katika mwili wa mtoto mdogo hudhuru ubongo, na mtoto huyo hupata shida ya kujifunza. Yaani betri iliyonisaidia mimi kusoma inaweza kumzuia mtoto mwingine kusoma, umbali wa kilomita chache tu kutoka mezani petu.

Mombasa nako kuna kisa ambacho kila Mkenya anastahili kukijua. Katika kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Wakazi, wakiwemo watoto, waliathirika. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo ya fidia. Kisa hiki kinatufundisha kwamba hata kuyeyusha betri ili zitumike tena si jambo la kufanywa ovyo. Kwa hivyo usijaribu kuipasua betri nyumbani wala kuichoma ili upate risasi ya kuuza.

Ufanye nini basi? Funga ncha zake kwa tepu zisigusane. Iweke wima katika mkebe wa plastiki, mbali na watoto na mbali na chakula. Kisha uipeleke kwa watu wanaojua kazi. Maduka ya betri za magari mara nyingi huchukua betri kuukuu za risasi. Pia kuna kituo cha WEEE Centre huko Utawala, kinachopokea vifaa vya umeme vilivyoharibika na kuvitenganisha. Kutoka Umoja si safari ya kwenda ng'ambo.

PENDEKEZO

Ni kweli mtu hawezi kupanda matatu mpaka Utawala kwa ajili ya betri moja ndogo kama kipande cha sabuni. Nauli ingeshinda faida. Ndiyo maana natoa pendekezo kwa chama chetu cha Kiswahili, kikishirikiana na chama cha mazingira. Tuweke sanduku la plastiki lenye kifuniko katika maabara ya fizikia, tuliandike kwa Kiswahili sanifu BETRI KUUKUU HAPA, na kila mwanafunzi alete za kwao na za jirani. Mwishoni mwa muhula mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wazipeleke zote kwa mara moja. Mimi nimeshaleta ya kwanza. Iko kwenye rafu ya nyuma ya maabara, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, ikisubiri wenzake.

Na kama taa yenu imeacha kuwaka, usikubali itupwe kabla hujaiuliza betri. Mama sasa hufunga biashara saa tatu kama zamani, na beseni hurudi tupu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kinaweza kushika bisibisi. Vingine vyote vije vitusaidie kujaza lile sanduku.